Msiusafishe Mji wa Ushindi

Chumba nilicholala usiku wangu wa kwanza Hampi, kusini mwa India, Januari 2010, kilikuwa na nguzo mbili za mawe ndani ya ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa wa matofali, umepakwa rangi ya samawati, lakini nguzo zilikuwa nzito, za mraba, zimechongwa kwa mkono, na zilibeba bamba la jiwe lililokuwa ndiyo dari. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, na sisi wageni wote tulimwita amma. Nguzo moja aliitundikia kalenda, ya pili kioo. Alfajiri alituandalia dosa kwenye jiko lililokaa chini ya dari hiyohiyo. Nilipomuuliza nyumba ina umri gani, akasema yeye na mumewe walijenga ukuta tu, vingine vyote walivikuta, vilijengwa na wafalme.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi Bengaluru, mmoja wa Watanzania wengi waliokwenda kusoma jimbo la Karnataka. Rafiki yangu wa bweni, mwenyeji wa huko, alikuwa amechoka kunisikia nikisimulia Kilwa. Kila penye mazungumzo ya mambo ya kale mimi ningeingiza Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu. Siku moja akanisuta: umekaa hapa mwaka mzima, na Hampi hujafika? Nikapanda treni ya usiku hadi Hosapete, kisha bajaji, kilomita kama 13 kati ya mashamba ya miwa na migomba, mpaka majabali yalipoanza.

Sijui nianzie wapi kuyaeleza majabali yale. Ni mawe ya matale, ya rangi ya udongo na waridi, mengine makubwa kama nyumba ya ghorofa, yamelundikana vilima kwa vilima kana kwamba mtu aliyamwaga kutoka kwenye gunia. Katikati yake unapita mto Tungabhadra. Wahindu wanaamini hapa ndipo Kishkindha, ufalme wa nyani katika utenzi wao wa kale wa Ramayana, na ng'ambo ya mto kuna kilima cha Anjanadri wanachosema Hanuman, mungu wao mwenye umbo la nyani, alizaliwa. Kabla mfalme yeyote hajaweka ngome yake, watu walishakuwa wanakuja hapa kuabudu. Hata jina Hampi limetokana na Pampa, mungu wa kike wa mto huo.

Juu ya patakatifu hapo, ndugu wawili wa ukoo wa Sangama, Harihara na Bukka, walianzisha dola. Mwaka unaotajwa ni 1336. Mji mkuu wao ukaitwa Vijayanagara, yaani Mji wa Ushindi, na kwa zaidi ya miaka 200 ndiyo ilikuwa nguvu kubwa ya kusini mwa India. Mreno Domingo Paes alifika karibu mwaka 1520, enzi za mfalme Krishnadevaraya, akapanda kilima ili auone mji wote, akashindwa kwa sababu vilima vingine vilimzuia. Alichokiona kilitosha kumfanya aandike kwamba ni mkubwa kama Roma. Leo yamebaki magofu zaidi ya 1,600 kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 40: mahekalu, mabirika, mazizi, masoko, mifereji, ngome. UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1986.

Naandika haya kwa sababu kila Hampi inapozungumzwa, kuna mtu anataka kuisafisha. Wengine wanataka kuondoa sehemu ya historia yake ili ibaki hadithi ya dini mbili zilizochinjana. Wengine wanataka kuondoa watu wake ili yabaki mawe matupu ya kupigia picha. Naona ni kosa lilelile limefanywa mara mbili.

Nianze na hadithi. Ukikutana na mtembeza wageni mwenye haraka, atakupa sentensi tatu: huu ulikuwa mji wa Wahindu, Waislamu wakaja 1565, wakaubomoa. Msikilizaji anatikisa kichwa, na kila mmoja anaondoka na hasira yake ya kale. Lakini tembea kidogo nje ya eneo la kifalme, utafute msikiti uliojengwa mwaka 1439. Aliujenga Ahmad Khan, ofisa Mwislamu katika utumishi wa mfalme Devaraya wa Pili, na maandishi yake ya jiwe yanasema aliujenga ili thawabu imfikie mfalme huyo. Ni ukumbi wa nguzo uliojengwa kwa mtindo uleule wa kumbi za mahekalu. Usipoiona mihrabu kwenye ukuta wa magharibi, utapita ukidhani ni hekalu jingine. Mfalme Mhindu anaombewa thawabu na askari Mwislamu, ndani ya msikiti wenye sura ya hekalu. Mimi niliyekulia pwani nilisimama pale muda mrefu.

Kisha nenda kwenye mazizi ya tembo. Vyumba 11 vimepangwa mstari mmoja, kila kimoja na kuba lake, na milango ya matao ambayo ungeitegemea kwenye jengo la sultani. Jumba wanaloliita Lotus Mahal nalo ni hivyohivyo, matao yaliyokatwa kama petali, chini ya paa la ngazi kama la hekalu. Wafalme hawa walijiita "Sultani miongoni mwa wafalme wa Kihindu", kwa neno hilohilo la sultani walilolitamka kwa lugha yao. Barazani walivaa joho la kabayi, neno lililotoka kwenye Kiarabu, na kofia ndefu ya kullayi, neno lililotoka kwenye Kiajemi. Sisi ambao lugha yetu imebeba maneno ya Kiarabu na Kiajemi pasipo kuacha kuwa ya Kibantu, hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Mtu anaweza kuvaa cha jirani na akabaki yeye.

Na farasi! Huwezi kuielewa Vijayanagara bila farasi. Vita vya Dekani, yaani nyanda za juu za kusini mwa India, viliamuliwa na wapanda farasi, na farasi wazuri hawakuzaliwa kwa urahisi katika joto la kusini mwa India, kwa hiyo waliletwa kwa meli kutoka Hormuz na Arabuni. Jukwaa kubwa la mawe la Mahanavami, alipokaa mfalme wakati wa sikukuu ya siku tisa, limezungukwa na nakshi za tembo, wachezaji, wawindaji, na wageni wenye ndevu na kofia wakiongoza farasi. Mreno Fernão Nunes, aliyeandika karibu 1535 na inasemekana mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa farasi, anasema mfalme alinunua farasi 13,000 wa Hormuz kila mwaka. Anasimulia pia kwamba mfalme mmoja wa awali, Saluva Narasimha, aliwataka sana kiasi kwamba aliwalipia hata waliokufa baharini. Mfanyabiashara alileta mkia tu, akalipwa kama kaleta farasi mzima. Msomaji wa Maskati au Sur anayesoma haya ajue kwamba mji huu wa Kihindu ulisimama kwa miguu ya farasi waliovuka bahari yake.

Hata sisi wa Kilwa tumo kwenye ukingo wa hadithi hii, kwa njia chungu. Julai 1505 Mreno Francisco de Almeida aliiteka Kilwa, Agosti akaichoma Mombasa, kisha akavuka na upepo hadi India. Miezi michache tu baadaye, huko Cannanore, alimpokea balozi wa mfalme wa Vijayanagara aliyeleta salamu za urafiki. Niliposoma hilo kwa mara ya kwanza nilikaa kimya. Moshi wa Mombasa ulikuwa haujasahaulika, na huku wanakaribishwa. Simlaumu balozi. Mfalme wake alitaka farasi, na Wareno walikuwa wanaishika njia ya farasi. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi siasa za wakati ule zilivyokuwa, za biashara na silaha na hesabu za nani adui wa nani mwaka huu, na dini ikiwa moja tu kati ya mambo mengi.

Ndivyo ilivyokuwa 1565. Aliyetawala kwa niaba ya mfalme alikuwa Rama Raya, mzee mwerevu aliyewahi kutumikia usultani wa Golconda kabla ya kuoa kwenye nyumba ya kifalme ya Vijayanagara. Kwa miaka mingi aliwachonganisha masultani wa Dekani, leo yuko na huyu dhidi ya yule, kesho kageuza. Ibrahim Qutb Shah, kabla hajawa sultani wa Golconda, alikimbilia Vijayanagara na kuishi huko miaka saba kama mgeni wa heshima. Ali Adil Shah wa Bijapur alikuwa mshirika wake vitani dhidi ya Ahmadnagar. Walioungana hatimaye kumpiga ni watu waliomjua, waliokula naye. Januari 23, 1565, karibu na mto Krishna, katika vita vinavyoitwa vya Talikota, Rama Raya alikamatwa na kukatwa kichwa, na jeshi likavunjika. Ndugu yake Tirumala aliwapakia tembo hazina akakimbilia Penukonda. Mji ukabaki bila mlinzi, ukaporwa kwa miezi.

Sifuti ukatili huo. Ukisimama mbele ya Narasimha, sanamu ya mita 6.7 iliyochongwa kwenye jiwe moja mwaka 1528, utaona mikono iliyovunjwa. Mungu huyu mwenye kichwa cha simba alikuwa amempakata mkewe Lakshmi. Lakshmi hayupo, amevunjwa wote, isipokuwa mkono wake mmoja uliobaki umemkumbatia mumewe mgongoni. Nimeona magofu mengi, lakini sikumbuki lililoniumiza kama ule mkono. Anayetaka kutumia mkono ule kuchochea chuki ya leo, hata hivyo, awaeleze wasikilizaji wake na msikiti wa Ahmad Khan. Aeleze yote au anyamaze.

Hatua chache tu kutoka Narasimha kuna chumba kidogo cha mawe kisicho na paa, na ndani yake linga ya mita tatu, nguzo nyeusi ya mungu Shiva, imesimama ndani ya maji ya mfereji. Asubuhi ile nilimkuta kuhani mzee sana, miguu ndani ya maji, akiliosha jiwe polepole kwa viganja, akaliwekea maua, akaondoka bila kututazama. Sanamu kubwa ya jirani ina uzio na kibao cha maelezo. Linga hii ilikuwa na mtu wake. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kuna njia mbili za kutunza.

Hekalu kuu la Virupaksha linasema jambo hilohilo kwa sauti kubwa zaidi. Lilikuwepo kwa umbo dogo karne nyingi kabla ya dola, likakuzwa na wafalme, likaishi kuliko wafalme. Mnara wa lango lake wa orofa tisa, kama mita 50, bado ndio unaouona kwanza ukikaribia. Kila mwaka Virupaksha, ambaye ni sura ya Shiva, anaozwa tena kwa Pampa, na magari ya mbao ya miungu yanavutwa kwa kamba na maelfu ya watu barabarani. Tembo wa hekalu, Lakshmi, anashuka mtoni asubuhi kuogeshwa, na watoto wanakimbia mbele yake. Katika chumba kimoja cha giza kuna tundu dogo ukutani, na mwanga ukipita hapo, kivuli cha mnara mzima kinaangukia ukuta wa pili kikiwa juu chini. Hekalu la Vittala, kilomita kama mbili kando ya mto, ndilo lenye uchongaji bora kuliko yote, pamoja na lile gari la mawe lililochapishwa kwenye noti ya rupia 50. Lakini kule hakuna ibada. Ni pazuri mno, na pakifungwa jioni panakuwa kimya. Virupaksha hapafungwi namna hiyo. Kuna mapambo ya unga yanayochorwa chini kila alfajiri, kuna nazi zinavunjwa, kuna mtu analala.

Mbele ya Virupaksha inanyooka barabara ya soko, karibu kilomita moja, na pande zote mbili safu za mabanda ya mawe yenye nguzo. Wasafiri wa kale waliona masoko kama haya yakiuza almasi, rubi, lulu na nguo. Kwa miongo kadhaa kabla ya mimi kufika, familia zilikuwa zimehamia humo, zikaziba nafasi kati ya nguzo kwa matofali, zikafungua migahawa, vyumba vya wageni, maduka ya madaftari na ubani. Ndimo ilimokuwa nyumba ya amma. Kweli kulikuwa na nyaya za umeme zimefungwa kwenye nguzo za kale, mabati juu ya mapaa ya mawe, misumari. Mtu wa mambo ya kale akiona vile lazima moyo umwume, na sidhani kwamba alikosea kuumwa.

Mwishoni mwa Julai 2011 yakaja matingatinga. Wakazi walipewa taarifa jana yake. Zaidi ya familia 300 ziliondolewa, maduka na nyumba zikavunjwa, na baadaye wengi wakapewa viwanja Kaddirampura, kilomita chache kutoka hapo, mbali na wageni waliokuwa wakiwalisha. Nilikuwa nimemaliza masomo, niko Dar es Salaam, nikaziona picha. Sisi tunalijua neno bomoabomoa. Tunajua sauti ya mama anayetoa vyombo nje huku mashine inaunguruma. Sikuhitaji mkalimani.

Hoja iliyotolewa ilikuwa kulinda urithi. Naiheshimu hoja hiyo pale inapostahili. Hampi ilishawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, 1999 hadi 2006, kwa sababu ya daraja lililokuwa likijengwa kuelekea kijiji cha Anegundi, ng'ambo ya mto, na daraja hilo liliporomoka Januari 2009 likaua vibarua wanane. Nilipofika mwaka uliofuata nguzo zake zilikuwa bado zimesimama mtoni, na watu wakivuka kwa vidau vya mviringo kama ungo. Hoteli za kitalii zilizojazana ng'ambo, Virupapura Gadde, mahakama ya juu iliamuru zivunjwe mwaka 2020, na hapo sina ugomvi. Mwenye mtaji anayejenga baa juu ya eneo lililolindwa ana pa kwenda. Ila kumweka kwenye kapu moja na mwanamke anayepika chini ya dari ya jiwe ni kukataa kuangalia.

Angalia nani aliyeitunza Hampi kwa miaka 450. Mifereji iliyochimbwa na wafalme wale, kama ule wa Turtha, bado inapeleka maji mashambani. Ile migomba mibichi unayoiona kati ya majabali inanyweshwa na kazi ya mafundi wa karne zile, na imefika leo kwa sababu kila kizazi cha wakulima kilizibua matope yake. Hakuna jumba la makumbusho lililofanya hivyo. Mwaka 1567, miaka miwili baada ya vita, Mveneti Cesare Federici alipita akakuta nyumba zimesimama lakini tupu, na akaambiwa wanaoishi humo ni chui milia na wanyama wa porini. Mji ulipokosa watu uliliwa na msitu. Waliourudisha kwenye uhai ni hawa wanaoitwa leo wavamizi, na waliowatangulia.

Nyumbani Kilwa Kisiwani nimeona jambo lilelile kwa sura nyingine. Magofu yetu yaliingia orodha ya UNESCO 1981, yakawa hatarini 2004, yakatolewa kwenye hatari 2014, na kijiji kipo muda wote, nyumba za udongo na makuti hatua chache kutoka Msikiti Mkuu. Wazee wa pale ndio waliotuambia tukiwa watoto wapi pasikanyagwe. Akitokea mtu siku moja kusema kisiwa kiwe safi kwa ajili ya wageni, nataka awepo mtu wa kumjibu, na nataka ajue kilichotokea Hampi.

Nilirudi 2018. Barabara ya soko ilikuwa imefagiliwa. Mabanda yalikuwa wazi pande zote mbili, safu ndefu za nguzo, marefu na matupu, na mbuzi wawili kivulini. Kwa jicho la picha palikuwa pazuri kuliko zamani, na nikiri kwamba nilipiga picha. Mwaka 2024, mwezi wa Mei, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mabanda yale ilianguka. Sisemi amma angeizuia mvua. Nasema kwamba paa likivuja juu ya kitanda chako unalijua usiku uleule.

Nilimkuta. Dereva wa bajaji alimfahamu mara moja nilipotaja rangi ya samawati. Alikuwa amekaa chini ya mnara wa Virupaksha na kapu la maua na nazi, akiwauzia wanaoingia kuabudu. Anatoka Kaddirampura kila siku kabla ya jua, jioni anarudi. Hakunikumbuka, wageni walikuwa wengi, lakini alikubali kunionyesha. Akamwachia jirani kapu, tukashuka barabara polepole kwa sababu ya magoti yake, akihesabu nguzo kwa kidole, mpaka akasimama kati ya mbili ambazo kwangu zilifanana na zote. Akaelekeza juu. Kwenye bamba la dari kulikuwa na doa jeusi, pana kama sinia, la mahali lilipokuwa jiko lake. Ukuta haukuacha hata alama. Akaniambia walishakuja watu na brashi na maji kusafisha mabanda ya juu kule, karibu na hekalu, na bado hawajafika hapa.

Akaniomba nilipige picha lile doa, nimtumie mwanawe kwenye simu.